Hospitali jirani zishirikiane nini ili kuwasaidia wazazi wa watoto njiti?

Baba Pacha (Morogoro):
Wanajukwaa, naomba mawazo yenu. Mke wangu alijifungua mapacha njiti katika hospitali ya wilaya. Mmoja alipata shida ya kupumua, akapewa rufaa kwenda mkoani, huku mama akibaki wodini na pacha wa pili kwa kuwa alikuwa amefanyiwa upasuaji. Nikawa napeleka maziwa aliyokamua kwa bodaboda, asubuhi na jioni, pasipo mtu wa kunieleza namna ya kuyahifadhi. Sote tuko salama nyumbani, na nimeombwa kutoa maoni mbele ya bodi ya hospitali. Ni jambo gani hospitali hizi mbili zinaweza kulifanya kwa pamoja bila kusubiri bajeti kubwa?

Muuguzi, Dodoma:
Pole, na hongera kwa malezi. Mimi ningeanza na kitanda cha mama, mashine baadaye. Utafiti wa WHO uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 wakianza kubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, vifo hupungua kwa asilimia 25. Mama akiachwa wilayani, huyo mtoto atabebwa na nani? Rufaa iandikwe kwa ajili ya mama na mtoto, wodi inayopokea ipigiwe simu kabla gari halijaondoka, na kama mama hawezi kusafiri, baba au bibi ambebe mtoto kifuani njiani, akiwa na kofia na soksi, kwa maana mtoto anayefika amepoa huanza matibabu akiwa nyuma. Akishaanza kuongezeka uzito, arudishwe hospitali ya karibu na kwao.

Mama Zawadi, Nairobi:
Kuhusu maziwa, hapa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani ilifunguliwa benki ya maziwa ya mama mwaka 2019. Wanaochangia hupimwa kwanza, kisha maziwa hupashwa moto kwa nyuzi 62.5 kwa dakika 30. Si kila hospitali inahitaji benki yake, lakini friji na kibebeo chenye barafu kila moja inaviweza. Tafadhali msipeane maziwa mabichi wodini, hata kwa nia njema.

Fundi wa vifaa tiba, Mbeya:
Nitahadharishe kuhusu kuazimana mashine: huenda nzima, hurudi bila mipira wala vichungi. Ni heri kushirikiana fundi na vipuri. Ongezeni pia daktari wa macho wa kuzunguka, kwa sababu njiti waliowekewa oksijeni wanahitaji kuchunguzwa retina, yaani sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, kuanzia wiki ya 4 hivi, na madaktari hao ni wachache.

Baba Pacha:
Nashukuru sana. Je, mafuta ya gari la kumrudisha mtoto wilayani yatoke fungu la nani?

Muuguzi, Dodoma:
Hapo ndipo bodi zitakapovutana. Pendekeza hospitali inayomruhusu mtoto ndiyo igharamie, kwa kuwa kitanda kinachoachwa wazi ni chake, na liandikwe kwenye makubaliano kabla ya rufaa ya kwanza.