Tupeane uzoefu: kubeti gofu kwa dau dogo, buku moja moja

Mkunazini
Assalaam alaykum jamaa. Uzi huu ni wa wanaobeti gofu kwa pesa ndogo: buku, buku mbili, mwisho tano kwa mashindano mazima. Kwenye soka kila baraza lina mjuzi wake. Gofu watu wanaingia bila kusoma masharti, halafu wanalia wamedhulumiwa, na mara nyingi hawajadhulumiwa. Kila mmoja aweke anachokijua pamoja na hesabu yake. Hadithi za "nilikosa milioni" tuziache leo.

Naanza na kubwa lao: sare. Chukua dau la 1,000, nusu mchezaji ashinde, nusu aingie nane bora. Odi, yaani namba inayozidishwa na dau ukipatia, ni 41 na nafasi inalipwa kwa moja ya tano. Odi ya nafasi inapatikana hivi: 41 toa 1 ni 40, gawa kwa 5 ni 8, rudisha ile 1, inakuwa 9. Akimaliza wa sita peke yake, 500 mara 9 ni 4,500. Akimaliza wa nane akiwa sare na wenzake watatu, hapo wako wanne na nafasi ya kulipwa imebaki moja. Dau lako la nafasi linagawanywa kwa nne, linabaki 125. Mara 9 ni 1,125. Ulitoa 1,000, umerudi na 1,125, na kodi bado. Wakiwa sare watano kuanzia nafasi ya saba, nafasi za kulipwa ni mbili kwa watu watano: 500 inakuwa 200, unapata 1,800. Lakini watatu wakiwa sare nafasi ya pili hupunguziwi kitu, maana wote wamo ndani ya nane.

Hesabu ni hiyo hiyo kwenye tano bora, kumi bora na ishirini bora. Gofu mwenye mapigo machache ndiye mbele, na huko nafasi ya 15 mpaka 25 pigo moja tu linaweza kubeba watu saba au nane pamoja, kwa hiyo sare ni jambo la kila wiki. Zipo kampuni zinazolipa sare kamili bila kugawa, ila odi zao huwa chini. Tafuta sentensi hiyo kwenye masharti kabla hujabonyeza.

Kaskazi na Kusi
Shukran ami. Mimi naongeza upepo, na hapa sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa sana.

The Open, ile ya Uingereza ya mwezi wa Julai, inachezwa kwenye viwanja vya kando ya bahari. Wachezaji ni 156, wanaanza watatu watatu, wote kutoka shimo la kwanza. Kundi la mwanzo linaondoka kama saa mbili na nusu asubuhi kwa saa zetu, la mwisho karibu na magharibi. Aliyeanza asubuhi Alhamisi anaanza alasiri Ijumaa, na kinyume chake. Upepo ukiinuka alasiri ya Alhamisi na ukatulia Ijumaa mchana, nusu nzima ya wachezaji wamelipa mapigo kadhaa ambayo hayahusiani na uwezo wao. Baharia wa ngalawa anajua asubuhi na alasiri ni bahari mbili.

Kwa hiyo dau la "nani ataongoza raundi ya kwanza" usiliweke Jumatatu. Subiri orodha ya saa za kuanza, kisha angalia utabiri wa upepo wa mji ule, saa kwa saa. Upepo ukiwa sawa siku nzima, acha, hakuna faida ya kutafuta hapo. Ukiona tofauti kubwa, chagua waliopangwa upande wa utulivu tu, hata kama majina yao madogo.

Masters, ile ya Marekani ya mwezi wa Aprili, haina shida hiyo sana, maana wachezaji ni wachache, kama tisini hivi. Kule kinachohesabika ni kukijua kiwanja cha Augusta. Tangu Fuzzy Zoeller mwaka 1979, hakuna mgeni aliyeshinda Masters mara yake ya kwanza. Mgeni mchukue ishirini bora ukitaka, kushinda muache.

Kikwajuni Juu
Kaka, umesema kweli kuhusu Masters. Mimi nazungumzia beti za wawili wawili, yaani kuchagua nani kati ya wachezaji wawili atamaliza mbele ya mwenzake, maana kwa dau dogo ndizo zenye akili.

Mtu anaona gwiji kama Scottie Scheffler ana odi 5 ya kushinda mashindano, anasema ni rahisi. Odi 5 maana yake ashinde mara moja katika kila mara tano, kwenye mashindano ya watu mia na zaidi, ndiyo urudishe pesa yako tu. Na ukijumlisha moja gawa kwa odi ya kila mchezaji kwenye orodha ya kushinda, jumla inapita 1 kwa mbali. Hiyo ziada ni ya kampuni. Kwenye wawili wawili, odi 1.83 kwa 1.83, moja gawa kwa 1.83 ni kama 0.546, mara mbili ni 1.09. Ziada ya kampuni hapo ni tisa kwa mia, na wewe unahitaji kupatia zaidi ya mara 54 katika 100. Ni kazi, lakini inapimika.

Kuchagua: angalia takwimu za mapigo anayowapita wenzake, zimegawanywa sehemu nne: pigo la kuanzia, pigo la kuufikia uwanda wa shimo, mipira ya karibu, na kusukuma shimoni. Mbili za mwanzo hutulia mwezi hadi mwezi. Kusukuma hupanda na kushuka wiki hata wiki. Mchezaji aliyemaliza wa tatu wiki iliyopita kwa sababu alisukuma vizuri kupita kawaida yake, odi yake wiki hii imeshushwa bure. Mpinge huyo.

Na mchujo uujue. Mashindano ya kawaida ya Marekani wanabaki 65 na sare baada ya raundi mbili. Masters 50 na sare, US Open 60, PGA Championship na The Open 70. Kwenye wawili wawili, mmoja akikatwa mwenzake ameshinda. Wakikatwa wote huangaliwa nani ana mapigo machache. Mashimo ya ziada nayo uyasome: Masters 2025 Rory McIlroy na Justin Rose walimaliza sawa, McIlroy akashinda kwenye shimo la kwanza la ziada. Kwa beti ya mshindi iko wazi. Kwa beti ya wawili ya mashimo 72 (raundi nne za kawaida), baadhi ya kampuni wanahesabu hiyo ni sare.

Bi Mkubwa wa Wete
Wanangu, mimi sitaki kumhukumu mtu, lakini wengi humu ni Waislamu na kamari tunaijua hukumu yake. Anayetaka utamu wa kutabiri bila pesa afanye hivi: kila mtu achague wachezaji watatu, mmoja kutoka kumi bora wa orodha ya dunia, mmoja kutoka 11 mpaka 50, mmoja nje ya 50. Jumlisheni mapigo ya raundi zote nne. Aliyekatwa apewe mapigo ya wa mwisho aliyemaliza, ongeza matano. Mwenye jumla ndogo ndiye bingwa wa baraza. Wala msiseme wa mwisho anunue kahawa, masheikh wanakuambieni hata kikombe cha kahawa kikiwekwa hivyo ni dau.

Mkunazini
Ahsante sana Bi Mkubwa, umetukumbusha kwa heshima. Hiyo ya watatu ni nzuri hata kwa anayejifunza, aifuate msimu mzima kabla hajatoa shilingi.

Fumba
Mkeka, jamaa, mkeka, yaani beti kadhaa kwenye tiketi moja, zote lazima zipatie! Ishirini bora watano, odi 2.5 kila mmoja, ukizizidisha ni 97 na ushee. Inavutia. Lakini kama kila mmoja ana nafasi ya 35 kwa mia, wote watano kuingia ni mara moja katika 190. Unalipwa 97 kwa kitu cha 190. Chezeni moja moja.

Pesa ya kitoweo isiguswe. Na usitoe kila buku mbili unayoshinda, makato ya kutoa kwenye simu yanakula faida.

Kikwajuni Juu
Hapo kaka sikubaliani. Pesa ikikaa kwenye akaunti inabetiwa. Bora makato.

Chake
Swali: mchezaji akijitoa?

Mkunazini
Asipopiga hata pigo moja, kwa kawaida dau linarudi. Akishapiga pigo la kwanza akajitoa, hata kwa mgongo au ugonjwa, dau limekwenda. Ndiyo maana habari za Jumatano usiku zisomwe. Mvua nayo: kwenye mashindano ya Pebble Beach, Marekani, 2024 raundi ya nne ilifutwa, Wyndham Clark akapewa ushindi kwa mashimo 54 (raundi tatu) baada ya kupiga 60 Jumamosi. Waliobeti kabla walilipwa. Dau linalowekwa baada ya raundi ya mwisho iliyokamilika, masharti ya kampuni nyingi yanasema linarudishwa.