Tupeane uzoefu: nani ana mzazi anayefanya mazoezi ya kutembea humo humo ndani ya nyumba?

Binti wa Bombo
Salaam wapendwa. Mama yangu ana miaka 74, yuko Bombo, Uganda, katika nyumba aliyotulelea. Mwaka juzi boda ilimpiga begani akitoka sokoni. Hakuvunjika popote, ila tangu siku ile hamu ya barabara ilimwisha. Nasi watoto tukaongeza la kwetu: kila akijaribu kuinuka, mjukuu ameshakimbia, "Jajja kaa, nitaleta." Maji analetewa, chakula analetewa, hata ukili wa kusukia vikapu anafuatwa nao alipo. Tuliona hiyo ndiyo heshima. Haikupita miezi minane, akawa anashika ukuta kwenda chooni, na akimaliza kuswali hainuki mkekani mpaka avutwe mkono.

Nilirudi nyumbani mwezi wa Novemba. Mvua haikatiki, uwanja wote tope jekundu, pa kumpeleka hakuna. Nikachukua futi kamba nikapima kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa jikoni: mita 10 kamili. Nikamwambia, mama, shika tasbihi yako, kila ukifika mlangoni vuta punje moja. Tasbihi yake ni ya punje 99, kwa hiyo akiimaliza yote amebakiza mita 10 kutimiza kilomita. Siku ya kwanza alifika punje ya 12 akaketi, jasho linamtoka. Hatukumhimiza. Yeye mwenyewe kesho yake baada ya alfajiri akaanza tena, na kila punje ana neno lake la kumtaja Mola, hesabu na dhikri vikawa kitu kimoja. Wiki ya sita aliimaliza yote, akipumzika mara mbili.

Naomba na nyinyi mseme ya kwenu. Hasa walio na nafasi ndogo, mnafanyaje?

Mpangaji wa Kisenyi
Sisi hatuna hizo mita 10, dada. Tuna muzigo, chumba kimoja na pazia katikati, kitanda cha baba upande wa dirisha. Ukipiga hatua nne umegonga sufuria. Baba ana miaka 69 na ana sukari. Nje ni mfereji, pikipiki, wachuuzi, na macho yake usiku hayaoni vizuri. Kwa hiyo anakanyaga papo hapo, mikono kwenye egemeo la kiti, magoti yakipanda kadiri yanavyoweza. Wakati wake ni baada ya chakula, dakika kumi, redio ikisoma habari. Tuna kimashine cha kupimia sukari, na siku aliyokula posho (ugali) akaketi moja kwa moja, namba inapanda kuliko siku aliyokanyaga. Hilo ndilo lililomshawishi, maana maneno yangu alikuwa anayasikia tu.

Afande Mstaafu, Jinja
Mwanangu wa Kisenyi, hiyo ya kukanyaga papo hapo tuliifanya kwenye kwata tangu tukiwa vijana, na ni kazi halisi, asikudanganye mtu.

Mimi nina miaka 71. Nilianza Aprili 2020, katika lokidauni. Mnakumbuka, watu walikatazwa kukimbia mabarabarani, kisha Rais Museveni, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 75, akatoa video yake akikimbia peku juu ya zulia ofisini, mwisho akapiga pushapu 30. Nilikuwa nimekaa sebuleni na mke wangu. Nikasimama palepale. Pushapu sikuziweza, mabega yangu yana historia yake, lakini kutembea niliweza: kuzunguka meza ya chakula, korido, chumba cha wageni, kurudi.

Nilichojifunza ni hiki. Ukizunguka meza upande mmoja tu kwa muda mrefu, kichwa kinazunguka na goti la ndani linauma. Sasa kila mizunguko mitano najipa amri mwenyewe kwa sauti, "Nyuma, geuka!" Wajukuu wanajipanga nyuma yangu wakiisikia. Marehemu mke wangu naye alikuwa akinifuata, ameshika bega langu. Alitembea hivyo mpaka mwezi wake wa mwisho, na ile mizunguko ndiyo ninayoikumbuka zaidi katika miaka yetu yote ya uzeeni.

Binti wa Bombo
Afande, Mungu amrehemu mama yetu. Asante kwa kutugawia hilo.

Baba Sharifa, Arua
Pole sana mzee wetu.

Langu ni la kuonya. Sisi tulimjengea mama nyumba nzuri, chini taili zinang'aa, tukajivunia. Akaanza kutembea ndani asubuhi kabla jua la Arua halijawa kali, amevaa soksi kwa sababu miguu yake hushika baridi. Msichana alikuwa amepiga deki. Mama aliteleza kwenye kona ya jikoni, akavunjika nyonga. Tulipompeleka mahali pa kwanza tukaambiwa apumzike tu kitandani, hakuna cha kufanya. Tukapoteza siku tisa mpaka daktari mwingine alipomtazama na kumfanyia upasuaji. Siku tisa mtu wa miaka 77 amelala chali. Bado zinaniuma.

Anatembea tena sasa, kwa bakora. Lakini zulia dogo la mlangoni nililitoa, nyaya za runinga nikazipandisha ukutani, na hakuna anayepiga deki kabla mama hajamaliza. Soksi tulizichoma moto. Anavaa raba zenye soli ya kushika, humo humo ndani, na wageni wakishangaa tunawaeleza.

Nesi wa Mbale
Nimesoma zote. Baba Sharifa, uliyoyasema ningependa yabandikwe mlangoni mwa kila nyumba yenye mzee.

Naongeza machache kutokana na kazi yangu. Kwa wenye sukari kama mzee wa Kisenyi: asitembee peku hata ndani, na kila jioni mtu amtazame nyayo na katikati ya vidole, kwa sababu kidonda anaweza asikisikie. Kwa wanaomeza dawa za presha: akitoka kitandani aketi kwanza ukingoni, ahesabu taratibu, ndipo asimame. Wengi wanaoanguka asubuhi wanaanguka hapo, kabla hata ya kuanza zoezi. Kifua kikibana au pumzi ikikata, anaacha na anapelekwa kuonwa siku hiyo hiyo.

Mwendo uwe wa kiasi gani? Aweze kuongea na wewe, lakini asiweze kuimba. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa namna hiyo, hata kwa waliopita miaka 65, na zinagawanyika: kila siku kumi asubuhi, kumi na mbili baada ya chakula cha mchana, mnafika. Ile hesabu ya hatua 10,000 mnayoiona kwenye simu isiwatishe. Ilianzia Japani mwaka 1965 kama jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kinauzwa. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliofuatilia wanawake zaidi ya 16,000, wastani wa umri miaka 72, walikuta kwamba vifo vilikuwa vichache kwa waliofikisha hatua kama 4,400 kwa siku kuliko waliofanya kama 2,700, na kupita 7,500 tofauti haikuendelea kuonekana. Mama wa Bombo, kama hatua yake ni nusu mita, tasbihi moja ni karibu hatua 2,000. Ongeza za kwenda jikoni na chooni, hayuko mbali.

Ila kutembea peke yake hakumfunzi mtu kuinuka. Shirika hilo hilo linataka wazee wafanye na mazoezi ya nguvu na ya kushika mizani, siku tatu au zaidi kwa wiki. Kiti kigumu kiegemezwe ukutani, aketi na kusimama bila kujivuta kwa mikono, mara tano, kisha nane. Halafu asimame akishika meza, mguu mmoja juu kidogo. Mtu mzima awe karibu.

Mama wa Busia
Nawaheshimu nyote, lakini mimi sikubali mzee afungiwe ndani. Bibi yangu ana miaka 81. Anayemwamsha ni watu: majirani, jua, kumsalimia muuza ndizi. Ukimfanya azunguke meza mwaka mzima, miguu itapona na moyo utalala.

Mpangaji wa Kisenyi
Mama, nje kwenu kuna nafasi. Huku kwetu nje kuna mfereji.

Mama wa Busia
Naelewa, mwanangu. Na nikiri jambo moja: mwaka jana malaria ilimlaza bibi wiki tatu, na aliponyanyuka tulianzia ndani, kutoka kitandani hadi dirishani. Alikuwa na hamu moja tu, kwenda mwenyewe kupokea ile pesa ya wazee ya serikali. Wakati huo ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwezi, si nyingi, lakini ni yake, na hataki kupokelewa na mtu. Kwa hiyo tulitembea humo ndani kwa ajili ya safari hiyo. Siku ya malipo alivaa gomesi, gauni lake la heshima, akashuka boda pale kwenye mti, hatua zilizobaki akamaliza kwa miguu yake.

Baba Sharifa, Arua
Basi wa ndani na wa nje mmekutana, mama.

Binti wa Bombo
Nimemsomea mama maneno yenu yote jana usiku kwenye simu. Amemwombea dua mke wa Afande, na amesema viatu vyenye soli ya kushika nimletee Ijumaa, rangi isiwe nyeupe. Mkeka wa sebuleni tumeukunja.

Na jambo jingine. Leo asubuhi mjukuu alikimbia kumletea maji kama kawaida. Mama akamwambia, "Rudisha jikoni. Nitayafuata."

Nesi, kiti tumekiegemeza ukutani. Ameinuka mara tatu.