Nioe kwa kanzu, kanisa linasema suti

Mbondei_wa_Makorora
Wadau, nipeni akili. Ndoa yangu ni mwezi ujao, hapa Tanga mjini. Nimepanga kuvaa kanzu ya marehemu babu, ina darizi ya hariri shingoni, na koti juu. Juzi kwenye mafundisho ya ndoa nikaitoa kwenye mkoba nimwonyeshe mzee wetu wa kanisa. Akaishika kwa vidole viwili kama samaki aliyechacha. "Kijana, umesilimu? Vaa vazi la Kikristo." Nikauliza ni lipi. Suti, tai, na bibi harusi shela jeupe. Babu alibatizwa Magila, misheni ya Kianglikana kule Muheza, kanzu ndiyo ilikuwa nguo yake ya Jumapili. Sasa nifanyeje?

Mama_Ngamiani
Mwanangu, hongera kwanza. Gauni jeupe la harusi lilivuma baada ya Malkia Victoria kulivaa mwaka 1840, na huko Uingereza kabla yake watu waliolewa kwa rangi yoyote. Mtume gani alifunga tai? Na padri wenu akipanda madhabahuni anavaa nini?

Kijana_wa_Korogwe
Msimcheke mzee jamani. Hapa pwani nguo inaongea. Ukisimama mlangoni na kanzu na kofia, nusu ya wageni watakupa asalaam aleikum. Yeye anaogopa watu watasema umehama.

Mstaafu_Muheza
Anaogopa, sawa, lakini asiite woga wake dini. Magila ilikuwa misheni ya UMCA, wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza. Hao hao hawakutaka kutugeuza Wazungu: wanafunzi wao wa Kiungani, Unguja, walivaa kanzu. Askofu wao Steere alihangaika kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, hakuhangaika na tai. Mjukuu, babu yako alikuwa Mkristo wa Magila hasa. Tusio wa Magila ni sisi wa leo.

Mbondei_wa_Makorora
Shikamoo mzee Mstaafu, asanteni wote. Jana nimekwenda kwa yule mzee na kikapu cha machungwa ya Muheza. Ukutani kuna picha ya harusi yake, 1978. Amevaa kaunda suti ya kijivu, mikono mifupi, kalamu mbili mfukoni! Nikamwuliza, "Baba, hii ni ya Kikristo au ya Zambia?" Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kitambaa cha meza, mama akaja na tambara akiguna. Halafu akanyamaza kidogo, akasema enzi zile ukivaa tai unaonekana bepari, na mchungaji aliyewafungisha ndoa naye alikuwa na kaunda suti chini ya joho.

Kanzu hajaipitisha. Amesema niiache kwake mpaka Jumapili, amwonyeshe padri. Koti nimebaki nalo.