Naombeni ushauri: ukumbi wa kumbukumbu ya mtoto, Moshi Vijijini

Wadau habari za leo. Familia inajenga chumba cha kusomea kwa watoto wa kijiji, kumbukumbu ya mtoto wao aliyefariki. Ukubwa mita 8 kwa 6, kuta mita 3. Ukitoa milango na madirisha, hapo ni kama tofali 700 za inchi 6 juu ya msingi. Mkanda wa zege wa kufunga kuta tumepanga nondo 4 za mm 12, ringi za mm 8 kila sentimita 20.

Kinachoumiza kichwa ni udongo. Eneo ni tambarare ya chini, mfinyanzi mweusi: kiangazi unapasuka, masika unavimba, na ukuta unafuata. Fundi anataka msingi wa mawe futi 3 basi. Sisi tunaona heri kuuchimba wote uishe, kujaza moramu (udongo wa changarawe) na kuishindilia kila sentimita 15, kisha mkanda wa chini kabla ya tofali. Jamvi pana la zege la kuzunguka nje ni lazima, maji ya bati yasitue ukutani. Aliyejenga udongo huu, moramu ilitosha au mlimwaga zege?

La pili ni umiliki. Kiwanja ni ardhi ya ukoo, na muhtasari wa kikao cha ukoo pekee hautoshi. Wajukuu watakuja kudai. Tukabidhi serikali ya kijiji kupitia mkutano mkuu, au tusajili wadhamini RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini)? Kijiji kikikabidhiwa, mlilindaje jina la mtoto na matumizi ya jengo yasigeuzwe ghala la mahindi?