Bond hahitaji dairekta wa tuzo, anahitaji fundi. Kwa nini Martin Campbell anaitwa nyumba ikishaungua tu?

Wakuu, nimejizuia tangu Juni 2025, siku walipotangaza kwamba Denis Villeneuve, yule wa Sicario na Dune, ndiye atakayeongoza picha ijayo ya James Bond. Nikajiambia tulia kwanza, hasira hasara. Juzi nikarudia Casino Royale, Bond ya Campbell, sijui mara ya ngapi, nikamaliza saa tisa usiku, na hasira zikarudi na riba juu. Kwa hiyo leo mtanivumilia. Uzi ni mrefu, wavivu wa kusoma piteni mbali.

Mashabiki wa Villeneuve msinirukie bado. Ile sehemu ya Sicario ambapo msafara unanasa kwenye foleni mpakani wakitokea Juárez, hakuna anayekimbia, watu wanachungulia tu magari ya pembeni, mimi nilijikuta nimeacha kutafuna. Jamaa anajua kazi. Ninaowalalamikia ni wanaomchagua, na sababu wanazochagulia, maana sababu hizohizo zimeshatuumiza huko nyuma na hakuna anayejifunza.

Angalieni historia. Licence to Kill imetoka 1989, halafu wakaingia kwenye kesi, miaka 6 hakuna picha. Ukuta wa Berlin umeanguka, Urusi ya Kisovieti imekufa, watu wanasema jasusi huyu naye azikwe tu. Wakamwita nani? Hawakwenda kwa mwenye tuzo. Wakamchukua Martin Campbell, mtu wa New Zealand aliyejijengea jina kwenye televisheni ya Uingereza. Akawapa GoldenEye mwaka 1995. Steringi mpya Pierce Brosnan, bosi mpya Judi Dench, na dakika za mwanzo tu mtu anajirusha kutoka juu ya bwawa la Verzasca kule Uswisi, zaidi ya mita 200, na ni binadamu kweli aliyejirusha, si kompyuta. Bond akafufuka.

Baada ya hapo ungedhani wametambua dawa ni ipi. Wapi!

Mwaka 1999 wakampa Michael Apted. Mzee namheshimu sana, ndiye aliyekuja Rwanda kupiga Gorillas in the Mist, na zile makala zake za kuwafuatilia watoto wa Kiingereza kila baada ya miaka 7 hazina mfano. Lakini ni mtu wa kukaa na kusikiliza watu. Sasa wakubwa wakapiga hesabu: huyu ataleta machozi na maongezi, mapigano tumwachie Vic Armstrong na timu ya pili. Kwa wasiojua, picha kubwa za namna hii huwa na vikosi viwili. Kimoja kiko na dairekta na mastaa, kingine kiko nje kinapindua magari na kulipua maboti. Ukipata dairekta asiyejua lugha ya kikosi cha pili, picha inatoka kama shati lililoshonwa na mafundi wawili wasiosalimiana. The World Is Not Enough ndivyo ilivyo. Ile mbio ya maboti mto Thames ni tamu kweli, halafu wanaingia ndani kuongea na unahisi umebadilishiwa chaneli. Mshono unauona kwa macho.

Mwaka 2002, Die Another Day, wakaja na Lee Tamahori. Once Were Warriors yake ya 1994 ni picha ya kukutoa jasho. Wakaona huyo ndiye. Matokeo yake tukapewa Aston Martin isiyoonekana. Gari halionekani jamani! Na Bond anateleza juu ya wimbi la kompyuta ambalo hata mtoto wangu anacheka. Hela waliingiza, tena nyingi, lakini wenyewe waliona aibu, wakafunga duka na kuanza upya.

Na walipoanza upya wakampigia nani simu? Campbell! Yuleyule. 2006, Daniel Craig ameshatukanwa dunia nzima kwamba ni mfupi na nywele zake za njano, na huyo fundi anakaa chini na kutengeneza Casino Royale. Itazameni tena ile mbio ya mwanzo ya Madagaska, Craig akimkimbiza Sébastien Foucan kwenye jengo linalojengwa. Kila sekunde unajua nani yuko wapi, nani juu, nani chini, winchi iko upande gani. Foucan anapenya kwenye kitundu kama paka, Bond anavunja ukuta na kupita. Hapo hajasema neno lolote lakini umeshamjua ni mtu wa aina gani. Tabia imeelezwa kwa miguu. Huo ndio uongozaji! Halafu mtu huyohuyo anawaweka watu wazima mezani wanacheza karata, na wewe usiyejua poka hata kidogo unakaa ukingoni mwa kiti. Na gari lilipinduka mara 7 kweli, rekodi ya dunia.

Mnadhani walimbakisha? 2008, Quantum of Solace, wakamchukua Marc Forster, mwenye Monster's Ball na Finding Neverland. Nitakuwa muungwana: waandishi wa Hollywood walikuwa kwenye mgomo, skripti haikukamilika, hilo si kosa lake. Lakini mgomo haukukata picha vipande vipande. Ile mbio ya magari ya mwanzo kule Ziwa Garda nimeitazama mara nne na bado siwezi kukuambia nani anamfukuza nani. Walitaka iwe kama zile picha za jasusi Bourne, mpaka wakamchukua Dan Bradley aliyeongoza kikosi cha pili kule. Wakapata kutikisika kwa kamera, basi.

Hapa najua mnanisubiri na Sam Mendes. Sawa. Skyfall ni nzuri. Ni nzuri sana, na iliingiza zaidi ya dola bilioni 1, Bond ya kwanza kufika huko. Mtu wa jukwaa la maigizo, mwenye Oscar ya American Beauty, akafanya kazi. Lakini tuwe wakweli, nusu ya sifa ni ya Roger Deakins na kamera yake, na nusu ya iliyobaki ni kwamba hadithi yenyewe iliishia kwenye nyumba moja, watu wachache, usiku mmoja. Hapo ni nyumbani kwa Mendes. Wakampa tena Spectre 2015. Ile ya mwanzo ya Mexico City, kamera haikatwi, sikukuu ya wafu, nilisimama. Kisha tukaambiwa Blofeld, adui mkuu wa Bond, ni ndugu wa kulelewa naye, na kila baya lililompata Bond tangu 2006 ni kazi ya huyo mwenye wivu wa utotoni. Yaani jasusi wa dunia nzima kageuzwa kuwa ugomvi wa urithi. Huo ndio ugonjwa wa dairekta mwenye jina: lazima aeleze kitu kuhusu nafsi ya mtu, hata pale nafsi haihitaji maelezo.

Ya 2018 ndiyo vituko vyenyewe. Wamemtambulisha Danny Boyle kama kocha mpya anavyotambulishwa na skafu shingoni. Agosti kaondoka, wanasema hawakuelewana kikazi. Septemba wakamtangaza Cary Fukunaga. Kocha anaondoka kabla ya mechi ya kwanza na viongozi wanakuambia kila kitu kiko sawa. Tunajua mchezo huo, tunauona kwenye timu zetu kila msimu.

Na Fukunaga akafanya nini? Sisi tuliokulia kibanda umiza, benchi za mbao, joto, kioo kimoja watu sabini, tulijifunza sheria moja tu: steringi hafi. Adui anaweza kumwaga risasi magazini tatu, steringi atachubuka bega, atachana shati afunge kidonda, picha inaendelea. Watoto tuliweza kukojoa suruali kwa hofu lakini moyoni tunajua. Sasa mtu anakuja No Time to Die, dakika 163, anamsimamisha Bond kwenye kisiwa na kumshushia makombora. (Kama hujaiona tangu 2021, hilo ni lako.) Mke wangu alilia, sikatai. Mimi nilikaa nikitazama majina yanapita nikijiuliza nani aliwaomba. Picha 25, karibu miaka 60, na mtu aliyeajiriwa kwa kuwahishwa ndiye anayesimamia mazishi.

Sasa tunarudi kwa Villeneuve. Amazon waliinunua studio ya MGM, Februari 2025 Barbara Broccoli na Michael Wilson wakawaachia usukani, familia ambayo imeshika hiki kitu tangu 1962. Nilitegemea wenye duka wapya angalau watakuwa wachoyo kwa akili. Wamefanya kilekile. Hata steringi alikuwa hajapatikana, tayari wakatangaza jina kubwa ili dunia ipige makofi.

Blade Runner 2049 yake nayo ni dakika 163, niliiheshimu kuliko nilivyoifurahia. Goldfinger ni dakika 110! Ndani yake kuna njama ya dhahabu, ndege, gofu, kofia inayokata sanamu kichwa, na bado muda wa utani umepatikana. Bond ni mtu wa kutania akiwa amefungwa kamba. Mtaniletea mhusika Stilgar wa Dune kwamba anachekesha. Anachekesha, ndiyo, mmoja, ndani ya saa tano.

Mnaniuliza nani basi. Campbell amezaliwa 1943, sitaki kumtesa mzee. Nataka aina yake. Zamani walijua kupandisha watu wa ndani: Peter Hunt alikuwa mhariri wa picha za mwanzo, akapewa ya 1969, On Her Majesty's Secret Service, leo watu wanaiabudu. John Glen alitoka kwenye meza ya uhariri na kikosi cha pili. Mwaka 1979 Bond alikuwa amepelekwa mpaka anga za juu, 1981 Glen akamrudisha ardhini na kumpa kigari cha Citroën 2CV akimbilie, na akabaki kwa picha 5 mfululizo. Leo mtu kama Chad Stahelski wa John Wick, aliyeanza kwa kuanguka ngazi kwa niaba ya mastaa, hata kwenye kikao sidhani kama anatajwa kwa uzito.

NYONGEZA: Mkuu uliyeniletea Green Lantern ya Campbell, nimeiona. Ni takataka. Hata fundi mzuri huna budi kumpa mbao.

NYONGEZA 2: Na aliyesema nampamba Campbell kupita kiasi, haya, namwongezea dhambi mwenyewe. Ile "Mbale, Uganda" ya mwanzo wa Casino Royale, ambako adui Le Chiffre anakutana na kamanda wa waasi, ilipigwa Black Park, Uingereza. Nimewahi kulala Mbale nikielekea Soroti. Ukitoka nje asubuhi, mlima umekusimamia usoni. Hapo kwenye picha hakuna mlima wala mgomba. Waganda mliomo humu, hasa wa upande wa Elgon, njooni mseme, mlipoiona sinema mlipiga kelele au mlicheka?