Nimeacha nyama miezi mitatu, wakwe wamefunga mbuzi, nifanyeje?

Jamani ushauri. Niko Kampala, mwezi wa tatu huu sijagusa nyama. Ilianza nimekwama kwenye jam Busega nyuma ya lori la ng'ombe wa Mbarara, mmoja kaanguka wenzake wanamkanyaga na turniboi anamkunja mkia ainuke, lile jicho lilinikata hamu kabisa. Baadaye nikasoma hesabu ya FAO, shirika la chakula la UN, ya 2013 kwamba mifugo inatoa asilimia 14.5 ya gesi zinazopasha dunia joto zinazotokana na shughuli za binadamu, nikasema basi. Sasa Jumamosi naenda ukweni Bombo na mbuzi ashafungwa. Nikikataa nimedharau watu, nikila mnafiki.

Mfugaji_Kiruhura: Ndugu hiyo 14.5 ya dunia nzima usimtwishe ng'ombe wangu peke yake. Brazili wanafyeka Amazon wapate malisho, wangu anakula nyasi zilizokuwepo. Na kule Karamoja, kaskazini mashariki kwa wafugaji, mvua ya kubahatisha, mwambie mtu auze ng'ombe alime mchicha uone atakula nini.

NjuguTamu: Karamoja sawa, ila wewe mfugaji usitupige chenga. Wa nyasi naye anacheua na gesi ya methani inatoka hapohapo, tena anachelewa kukua kwa hiyo kila kilo ya nyama yake imecheuliwa miaka mingi zaidi, pembe ndefu hazimfanyi mtakatifu 😂 Mleta mada mimi mwaka wa pili sasa, maharage, binyebwa (mchuzi wa karanga), matooke (ndizi). Ila vitamini B12 kwenye mimea hakuna, ndo maana mayai na mukene (dagaa) sijaacha.

BodaJinja: Kama kilichokuuma ni lori, huyo mbuzi si kalelewa uani? Hajapanda lori. Kula bwana.

Hajjati_B: Mwanangu usiwasikilize hao. Piga simu LEO kwa shangazi wa mkeo, yeye anajua pa kulipeleka. Ukinyamaza halafu usukume sahani mbele ya wageni hapo ndo umetukana nyumba. Ukiomba mapema utapikiwa gurusa (mkate mwembamba wa Kinubi) na maharage na hakuna atakayenuna.

Mleta mada: BodaJinja umenikwaza, sina jibu la huyo mbuzi, bado nalitafuna. Hajjati asante, nimempigia shangazi akacheka mpaka simu ikakatika. Kumbe baba mkwe daktari kamkataza nyama nyekundu tangu mwaka jana, anajificha na sahani ya maharage wageni wasijue. Nimeambiwa nikae upande wake.