Naomba ushauri: riwaya ina hatua tisa tu kati ya 12 za safari ya shujaa, nizijaze au niache?

Binti Uru:
Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi mjini, si mtu wa fasihi kwa kusomea, ila nimekwama na usiku silali. Kuna riwaya naipitia kwa zile hatua 12 za safari ya shujaa: maisha ya kawaida, wito, kuukataa wito, kukutana na mlezi, kuvuka kizingiti, hadi kurudi nyumbani na dawa ya kuwafaa watu wake. Nimechora jedwali na riwaya nimeisoma mara nne. Tisa naziona. Tatu sizioni hata kwa tochi: shujaa hakatai wito, hana mlezi, na anarudi kwao mikono mitupu. Je, riwaya ikikosa hizo ni mbovu? Naombeni majibu ya haraka, nina siku nane tu.

Mangi Mdogo:
Kama ni kazi ya chuo, kaa chini usome, mdogo wangu. Sisi tulisoma kwa koroboi, macho yakawa mekundu, hakuna aliyetutafunia. Kizazi hiki kinataka kila kitu kwenye simu.

Mwalimu Chaki:
Binti, karibu. Hizo 12 hazikushuka na wahyi. Joseph Campbell mwaka 1949 alitaja hatua 17, akilinganisha visasili vya mataifa mengi. Christopher Vogler alizifupisha zikawa 12 kwenye waraka wa kurasa saba aliouandika 1985 akifanya kazi Disney, ili uwasaidie watu wa filamu. Kabla yao, mwaka 1928, Mrusi Vladimir Propp alipanga matendo 31 yanayosukuma ngano za kwao, na akasema wazi kwamba ngano moja si lazima iwe nayo yote. Kwa hiyo upungufu wa tatu haunitishi. Riwaya gani hiyo?

Mtoto wa Ngarenaro:
Kwani Liyongo alirudi na dawa gani? Kachomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe, na mpaka leo ndiye shujaa wa pwani nzima. Binti yangu yuko kidato cha nne hapa Arusha, juzi kaniuliza shujaa lazima ashinde? Nikamjibu hivyo hivyo, akaniambia baba hiyo haiko kwenye notsi. Nikaumia sana.

Binti Uru:
Asanteni wote. Riwaya yenyewe haijulikani, hata nikiitaja hamtaijua. Nataka kujua kanuni tu: zikikosekana, zinaweza kuongezwa?

Mwalimu Chaki:
Kuongezwa na nani? Mhakiki haongezi, anasoma kilichopo. Chukua Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951. Wajumbe sita wanatumwa, kila mmoja na upande wake, wanarudi na mambo mema ya kuijenga nchi, nchi inawatia gerezani. Ukiweka tiki kwenye jedwali utaandika "dawa ipo", umemaliza. Lakini utamu uko pale ambapo dawa imefungwa pamoja na aliyeileta, na Karama, shujaa wa kitabu, anaitoa kwa maneno akiwa mshitakiwa mahakamani. Jedwali halikuonyeshi hilo, unaliona kwa kusoma. Taja kitabu.

Mama Kihamba:
Na siku nane ni za nini, mwanangu? Umeulizwa, umeruka.

Binti Uru:
Mama, shikamoo. Basi niseme.

Si kazi ya chuo. Riwaya ni mswada wa baba yangu. Alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa huku Uru, alifariki 2009. Aliuandika kwa mkono na hakuwahi kuuchapisha. Ni habari ya kijana anayeacha kihamba, shamba la ukoo wao, kwenda kuchimba tanzanite Mererani, anakaa miaka sita, anarudi hana kitu. Nimetafuta mhariri, nikamlipa, akanijibu kwamba riwaya bila hatua zote haiuziki, eti msomaji ataona imekatika. Akanipa jedwali.

Nimeshaanza kujaza. Nimeandika mzee mmoja mwenye fimbo anayekutana na kijana njiani na kumpa busara, kurasa 18. Nimeandika na sura ya kijana kukataa kwenda. Kijana wa steshenari ameshazichapa kwenye kompyuta. Mwenye mashine ya kuchapa vitabu nimempa laki tatu za kuanzia, anaanza Jumatatu ya wiki ijayo. Ndizo siku nane.

Mangi Mdogo:
Loh. Unamsahihisha marehemu? Hajakuachia kihamba ukapande maparachichi, kakuachia maneno yake. Hilo halifai, dada. Kwetu mtu akifa hata mti aliopanda haukatwi bila kikao.

Binti Uru:
Kaka, simsahihishi, namsaidia. Miaka yote hiyo mswada ulikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama. Bora utoke na kurasa 18 zangu kuliko uliwe na mende. Na mhariri ni mtu wa kazi hiyo, mimi ni muuza dawa za mifugo, nibishane naye kwa lipi? Hela imeshatoka.

Mwanaapolo Mstaafu:
Mimi hayo ya fasihi siyajui, ila Mererani naijua. Nimekaa shimoni miaka minne. Mnasema mlezi, mlezi. Shimoni hakuna mzee wa fimbo. Unatoka mweusi mwili mzima kwa lile vumbi la kinywe, meno tu ndiyo yanaonekana. Anayekulea ni aliyeshika kamba juu. Humuoni sura, unasikia sauti tu. Wangu alikuwa Mnyiramba, hakunifundisha kitu kingine zaidi ya namna ya kuvuta kamba: mara moja nishushe, mara mbili nipandishe, mara tatu hatari. Alikufa kwa kifua, nikaenda kumzika Singida kwa nauli ya kukopa. Samahani nimetoka nje ya mada.

Chungulia:
Wakuu, subirini kwanza. Nimepitia nyuzi zake za nyuma. Mwezi wa tatu huyu huyu alileta uzi kuhusu breki za Coaster, kaandika, "baba yangu anaendesha njia ya Moshi na Arusha, jana kanipigia". Leo baba ni karani wa kahawa na amefariki 2009. Marehemu gani anapiga simu na kukanyaga breki? Hii ni chai.

Mtoto wa Ngarenaro:
Duh! Na mimi nilishaanza kusikitika hapa. Hata huo mpangilio: hofu, siku nane, sanduku la bati, siri inayofichuka katikati. Anatuandikia riwaya kwenye vichwa vyetu.

Mangi Mdogo:
Uongozi ufunge uzi. Watu tuna shughuli.

Binti Uru:
Anayeendesha Coaster ni baba mdogo. Baba alipofariki nilikuwa darasa la tano, baba mdogo akaja na gari la kuazima akanichukua mimi na godoro langu. Amenisomesha. Mlitaka nimwiteje?

Chungulia:
Hapo nimekuelewa, dada. Hata mimi nimelelewa na baba mkubwa na hamna siku nimetamka hilo "mkubwa". Nisamehe. Lakini tuambie huo mswada ukoje, maana humu tumeshaliwa sana.

Binti Uru:
Kaunta buku nne, mgongo mwekundu. Pembe zimeliwa. Baba aliandika kwa wino wa bluu upande wa kulia tu, kwa sababu kushoto kulikuwa kumeshajazwa hesabu za chama: jina la mkulima, kilo za kahawa ya maganda, sahihi au dole gumba. Sura ya kijana kuingia shimoni mara ya kwanza inatazamana na mama mmoja aliyeleta kilo 11 na nusu. Nilipokuwa mdogo nilidhani naye yumo kwenye hadithi.

Mama Kihamba:
Naamini. Hilo la dole gumba huwezi kulitunga kama hujaliona.

Sasa niambie, huyo kijana anarudije? Anafika nyumbani anafanya nini? Usinipe jedwali, nisimulie.

Binti Uru:
Anafika jioni, mvua ya manyunyu. Haingii ndani. Anapita kwenye mpaka wa kihamba anachuma jani, anamkuta kaka yake anazibua mfereji, anampa lile jani. Kaka analipokea, anampa jembe. Wanachimba mpaka giza. Basi, imeisha. Hakuna anayesema kitu. Mhariri aliniandikia pembeni: "mwisho hauna tuzo".

Mama Kihamba:
Jani gani?

Binti Uru:
Isale.

Mama Kihamba:
Uuuwi, mwanangu! Na wewe wa Uru unasema hana kitu mkononi? Mtu akikuletea isale huna ruhusa ya kukataa kumsamehe, hata kama alikuchomea nyumba. Mimi na mdogo wangu hatukusemeshana miaka tisa kwa ajili ya ng'ombe mmoja wa mahari, akaja na isale asubuhi moja ya Jumapili, nikalia na kanga mdomoni. Baba yako kaandika kijana analeta msamaha nyumbani, na maji yanafunguka mferejini palepale. Huyo mhariri wako si mtu wa huku.

Mwalimu Chaki:
Mama, hapo umenifundisha. Nililiona jani kama jani.

Binti, na huyu mwanaapolo amejibu swali lako bila kukusudia. Mlezi ni kazi, si mtu mwenye ndevu. Vogler mwenyewe anaeleza kwamba hizi sura za wahusika, mlezi, mlinzi wa mlango, kigeugeu, kivuli, ni kama vinyago: mhusika anakivaa kwa kitambo, anakivua, mwingine anakivaa. Mlinzi wa mlango anaweza kuwa lango la kitalu, au hofu ya mama. Je, kwenye mswada yuko mshika kamba?

Binti Uru:
Yuko. Hana jina. Anasema sentensi moja tu kitabu kizima: "Ukiogopa usivute, vuta ukiona hewa nzito." Sikumhesabu kwa sababu hana jina.

Mwalimu Chaki:
Kabla hujalala fanya jambo moja. Usitazame alichoandika baba, tazama alichokikata. Mwandishi wa mkono anaacha alama. Mahali alipochora mistari ndipo alipoamua.

Mwanaapolo Mstaafu:
Ukiogopa usivute. Baba yako aliwahi kuingia shimoni, au alikaa na mtu aliyeingia.

Binti Uru:
Wakuu, nimerudi, ni siku ya pili. Nilikwenda Uru kwa mama, tukakaa na zile buku nne hadi taa ikaisha mafuta.

Buku la pili, karibu na katikati, kuna ukurasa mzima baba ameukata kwa kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia kilo. Nilikuwa nauruka kila mara kwa sababu umekatwa. Chini ya mistari kuna mzee. Ana fimbo. Amekaa chini ya mkuyu, kijana anapita, mzee anamwambia, "Ukiogopa usivute, vuta ukiona hewa nzito." Ndiyo maneno yale yale. Baba alimtoa mzee, yale maneno akampelekea mshika kamba, kurasa 30 mbele. Pembeni kaandika kwa herufi ndogo: "Huyu anajua mno. Shimoni nani amjue?"

Mama aliposomewa hapo akaniambia baba alikuwa na rafiki aliyerudi Mererani na kifua kibovu, alikuwa akija jikoni kwetu jioni, wanakaa wawili bila kuwasha taa. Sikumbuki. Nilikuwa sijazaliwa.

Leo saa nne nimekwenda steshenari, kijana amezifuta zile kurasa 18 mbele yangu, nimelipia tena uchapaji. Mwenye mashine kanisogezea hadi Alhamisi, kaongeza elfu arobaini. Mhariri hapokei simu.

Ila ile sura yangu ya kijana kukataa kwenda bado iko kwenye flashi. Nimeisoma tena usiku na bado naipenda, namwona kijana kabisa amekaa juu ya gunia anasema siendi. Mwalimu, kabla ya Alhamisi nikutumie uisome?

Mwalimu Chaki:
Nitumie. Na picha ya ule ukurasa mwekundu pia.